Mama analima, hela anashika nani? Namna ya kumsaidia mwanamke mkulima Dodoma kipindi hiki mvua hazieleweki

Kila ikifika Oktoba huku kwetu simu zinaanza, "mwanangu nitumie hela ya mbegu", "kaka mwenye trekta anataka hela yake kabla hajaingia shambani", na sisi tuliopo mjini tunatuma elfu hamsini, tunatuma laki, tunaona tumemaliza. Afu mwezi wa sita unasikia mazao yameuzwa, hela haijulikani imeishia wapi, na mwezi wa pili mama yuleyule anapiga simu anaomba ya unga. Sio kwamba hajui kulima. Wamama wa Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, Chemba na Kondoa wanaijua hii ardhi kuliko sisi tunaowashauri. Shida ni mbili na zimeshikana, mvua imekuwa haitabiriki, na hata ikinyesha vizuri kinachopatikana hakipo kwenye jina lake.

Watu wengi wakitaka kusaidia wanaanza na mbegu na mbolea. Mi nasema anza na jina, maana mbegu nzuri kwenye shamba ambalo mama anaweza kuambiwa kesho atoke ni kumtajirisha mtu mwingine.

Kiangazi: shughulika na jina kwanza

Kuanzia mwezi wa saba hivi mpaka wa kumi shambani kunapoa kidogo, huo ndio muda wa makaratasi. Kaa na mama (au dada, au shangazi) umuulize maswali matatu bila kumhoji kama polisi: shamba unalolima ni la nani, kwenye daftari la wakulima kijijini ameandikwa nani, na laini ya simu inayopokea hela imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani. Majibu yakiwa "la mzee, mzee, mzee" basi ujue pa kuanzia.

Kwenye ardhi, sheria ipo upande wake na watu hawajui tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi ni sawasawa na ya mwanaume, na mila yoyote inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Kama kijiji kimeshapimwa na kina mpango wa matumizi bora ya ardhi, mama anaweza kuomba hatimiliki ya kimila kwa jina lake, au mke na mume wakaandikwa wote wawili. Anapeleka maombi serikali ya kijiji, wanakuja kuhakiki mipaka na majirani wakiwepo, anapeleka picha na kitambulisho. Kwa wanandoa mi napenda zaidi ile ya majina mawili, kwa sababu mzee akisikia "jina lako peke yako" anaona anafukuzwa nyumbani, vita inaanza hata kabla ya kulima, lakini ukimwambia "mzee tuweke yote mawili ili ndugu wasije kusumbua watoto siku haupo" wengi wanaelewa, tena wanaelewa haraka kwa sababu kila mmoja anamjua mjane aliyetolewa shambani na mashemeji.

Kijiji kikiwa bado hakijapimwa usikae kusubiri. Andikeni makubaliano ya familia, ukubwa wa shamba, limepakana na nani na nani, nani anatumia, wasaini majirani wa pande zote, mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji, kopi moja ibaki ofisini. Sio hati lakini ugomvi ukitokea mna pa kuanzia. Na ugomvi ukitokea kweli, baraza la ardhi la kijiji linatakiwa liwe na watu saba na wasiopungua watatu wawe wanawake. Mkifika mkakuta wanaume watupu, ulizeni.

Kwa mliopo karibu na mji, yaani vijiji ambavyo sasa hivi jiji linavimeza kwa viwanja, hili sio la kusubiri mwakani. Shamba likipimwa viwanja anaandikwa aliyejitokeza siku hiyo, na mara nyingi mama siku hiyo yupo kisimani.

Daftari la wakulima ni jambo dogo ila lina faida kubwa, ruzuku ya mbolea inapita kwenye usajili wa mkulima, kwa hiyo mama naye aende kwa mtendaji aandikishwe na ekari anazolima mwenyewe. Simu hivyohivyo, akasajili laini kwa NIDA yake na namba ya siri aijue yeye. Nimeona vikundi ambavyo wanachama wote wanawake, hela za mauzo zinaingia kwenye simu za waume, afu watu wanashangaa kikundi hakikui.

Kibubu cha kikundi, na mwezi wa kuvunja

Karibu kila kijiji kina VICOBA au kikundi cha hisa, kwa hiyo usilete kipya kwa sababu tu una wazo, waulize waliopo. Watu kama 15 mpaka 25 wanatosha, wakizidi mkutano unakuwa wa harusi. Sanduku, kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, kuhesabu mbele ya wote, hayo wanayajua.

Wanachokosea wengi ni kalenda. Vikundi vingi vinavunja, yaani vinagawana akiba, mwezi wa kumi na mbili, hela inaishia kwenye Krismasi na vyombo (sina ugomvi na vyombo, mama naye anataka sufuria jipya), wakati mbegu, kulimiwa na palizi ya kwanza vinataka hela Oktoba mpaka Desemba. Shaurini kikundi kivunje Oktoba. Halafu kuanzia Januari mpaka Machi hela vijijini hakuna, ndio kipindi cha njaa, chakula cha mwaka jana kimeisha cha mwaka huu bado kipo shambani, sasa ukimlazimisha mtu anunue hisa tano kila wiki anaenda kukopa kwa mtu wa riba ili aje aweke akiba. Wekeni kwenye katiba kwamba miezi hiyo hata hisa moja inatosha, na mfuko wa jamii umkopeshe bila riba anayeishiwa chakula.

Hapo sasa nije kwako unayetuma hela kutoka mjini. Laki ya Oktoba ni nzuri, ila debe mbili za unga mwezi wa kwanza zinaweza kuwa na maana kubwa zaidi. Kwa nini? Mama asiye na chakula Januari anaenda kufanya kibarua kwenye shamba la mwingine, analima la mwenzie wakati ambapo la kwake linataka palizi, anarudi anakuta magugu yameshameza mtama, na mavuno yake yanakuwa madogo mwaka huo, mwakani tena kibarua. Hiyo ndio inayowarudisha nyuma wengi na haihusiani na uvivu wala elimu. Kwa hiyo gawa msaada wako mara mbili.

Mvua: acha kubahatisha

Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba inaishia Aprili, na kwa mwaka ni kama milimita 500 mpaka 600. Tatizo sio uchache tu. Inanyesha kwa fujo siku chache, maji yanakimbilia korongoni, afu inakata Januari mwishoni au Februari wiki mbili tatu, mahindi yakiwa ndio yanatoa mbelewele. Hapo ndio watu wanapolia. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa mvua za msimu kabla hazijaanza, na unasema lini zinatarajiwa kuanza na kama zitakuwa za wastani, juu au chini ya wastani, mkoa kwa mkoa. Kazi yako wewe mwenye simu janja ni kuupokea, kuufupisha na kumpigia mama au mwenyekiti wa kikundi umwambie kwa maneno ya kawaida, maana redio ikitangaza saa mbili usiku mara nyingi anayesikiliza ni mzee.

Kwenye mazao, mnajua wenyewe, mtama na uwele ndio vinavumilia. Mbegu ya mtama ya Macia ipo nchini tangu 1999, mfupi, mweupe, unawahi, na huo mweupe ndio viwanda vya bia vinaupenda. Mbegu kama kilo 4 zinatosha eka moja, uwele kama kilo 2. Mahindi waachie eneo dogo, sitaki kugombana na mtu kuhusu ugali mweupe, ila eka zote tano za mahindi Bahi ni kamari. Ongeza kunde, choroko, karanga na njugu mawe, ambazo kwa Wagogo toka zamani ni mazao ya wanawake, na hiyo ni faida yake kwa sababu mwanaume haoni aibu kumwachia mke hela ya karanga, ila hela ya alizeti anaitaka.

Karanga zenyewe zina historia hapa. Waingereza walikuja Kongwa mwaka 1947 na matrekta ya vita na mamilioni ya pauni kulima karanga kwa mpango mkubwa, mwaka 1951 wakaufuta, ardhi ilikuwa inakauka inakuwa kama saruji na mvua hawakuielewa. Leo karanga Kongwa zinalimwa na wamama kwa jembe la mkono.

Sasa maji yasikimbie. Kijijini Chololo, hapahapa Dodoma, kuna mashimo yaliyobuniwa na mkulima wa hukohuko, kipenyo kama sentimita 22, kina 30, shimo mpaka shimo sentimita 60 na mstari mpaka mstari 90. Udongo unaotoka unautengenezea kituta kuzunguka shimo, ndani unaweka majivu (mchwa hawayapendi), samadi na mabua, mvua ya kwanza ikija maji yanajaa humo badala ya kwenda korongoni. Shimo linakaa, mwakani unalitumia tena. Ila tuwe wakweli, kwa vipimo hivyo eka moja ni mashimo kama 7,500, na anayechimba kwenye ardhi kavu ya Septemba ni nani? Ni mamaako. Ndio maana miradi mingi ya mashimo inakufa mwenye mradi akiondoka. Anzeni na robo eka, kikundi kilimiane kwa zamu shamba la huyu leo la yule kesho, na kama kuna ng'ombe wa kukokota tumieni jembe la kutifulia mistari bila kupindua udongo, mashimo yabaki kwa kipande cha chakula cha nyumbani.

Na hapa niseme kitu ambacho wataalamu hawakipendi. Kumwambia mwanamke "lima mtama, unavumilia ukame" bila kuuliza kazi zinazofuata ni kumuongezea mzigo. Mtama unataka kuamia ndege, kweleakwelea wakishuka asubuhi shamba linaisha, kwa hiyo mtu anatakiwa awe shambani kuanzia alfajiri wiki nyingi, na watoto wanakosa shule kwa ajili hiyo. Halafu kukata masuke, kupura kwa fimbo, kupepeta, kukoboa. Kwa hiyo kama una hela ya kusaidia kikundi, kabla hujanunua mifuko ya mbegu fikiria mashine ya kupura ya kushirikiana, au hata kuchangia kulipa mashine ije kijijini siku mbili. Na wote mpande wiki moja, mashamba ya jirani yakikomaa pamoja ndege wanagawana, ila wewe ukikomaa wa kwanza peke yako umewaandalia karamu.

Wanaotaka hela zaidi kwenye mtama wafikirie mbegu, sio nafaka. Kikundi kinaweza kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa, yaani zinazozalishwa na wakulima wenyewe chini ya ukaguzi, mnajisajili, wakaguzi wa TOSCI (taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu) wanakuja kuangalia shamba, afu mnawauzia wakulima wenzenu wa jirani. Kilo ya mbegu haiuzwi bei ya kilo ya chakula. TARI Hombolo, kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo, wapo hapo karibu na mtama ndio kazi yao, nendeni mkaulize mbegu mama (za kuzalishia mbegu nyingine) kabla ya Septemba, mkienda Novemba mtaambiwa zimeisha.

Kuku

Hii nitaenda haraka. Kuku wa kienyeji ndio akiba ya mwanamke isiyoombewa ruhusa, mvua ikigoma unauza jogoo unanunua unga. Kinachowamaliza ni mdondo, wengine wanaita kideri. Chanjo ya matone ipo, inavumilia joto kiasi, tone moja kwenye jicho kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja ina dozi nyingi, mtu mmoja mwenye kuku nane anaona hasara kununua, ndio kazi ya kikundi hiyo: siku ya mkutano mnakubaliana, chupa inanunuliwa mjini asubuhi, mmoja anapita nyumba kwa nyumba, kila kuku ana bei yake ndogo. Wageni wakiwa wengi mjini tangu serikali ihamie, kuku wa kienyeji Dodoma hakosi mnunuzi.

Mwezi wa tano na wa sita: usiuze juani

Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, walikula mahindi yaliyoota ukungu. Kwa hiyo kukausha sio urembo. Anika kwenye turubai au kichanja, sio chini kwenye vumbi. Kupima kama imekauka bila mashine: chukua chupa ya kioo kavu kabisa, weka nafaka robo na chumvi kavu kidogo, tikisa, acha robo saa. Chumvi iking'ang'ania kwenye kioo bado ni mbichi, rudisha juani. Karanga zilizosinyaa na zenye rangi ya ajabu zitupwe, wala zisisagwe za watoto, najua inauma.

Ikishakauka weka kwenye mifuko ile ya tabaka tatu tunayoita kinga njaa. Funga kila tabaka peke yake kwa nguvu, wadudu wanakosa hewa wanakufa bila dawa. Usiwe unafungua kila siku kuchota, wa kula uwe wake na wa kuuza uwe wake.

Kwanini nasisitiza hifadhi, kwa sababu dalali anakuja Juni akijua ada za shule zinadaiwa na kila mtu ana mzigo, anapanga bei anayotaka, na ule mtindo wa kuuza mazao yakiwa bado shambani kwa sababu ya shida ya Februari ndio mbaya kuliko wote. Kikundi kikiwa na sanduku lenye hela mwezi wa sita, kinamkopesha mwanachama ada, gunia zake zinabaki ghalani mpaka bei ipande. Sio lazima zote, uza theluthi ukalipe madeni.

Uzeni kwa kilo. Lumbesa, yaani gunia la kujaza kupita kiasi, imekatazwa, gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, na mzani wa kikundi unajilipa wenyewe msimu mmoja. Mama mmoja na debe lake mnadani hana sauti, ila wamama 20 wenye mtama mweupe uliopepetwa, mzigo wa tani kadhaa sehemu moja, wanaweza kupiga simu soko la nafaka la Kibaigwa kuuliza bei ya leo kabla dalali hajafika na kumwambia achukue au aache. Mazao kama ufuta, choroko na mbaazi yanayopita stakabadhi ghalani (mzigo unawekwa ghala kuu na kuuzwa kwa mnada), hela inaingia kwenye akaunti, na hapo ndio tunarudi kwenye lile swali la jina: akaunti ya nani? Mama afungue yake kabla msimu haujafika.

Alizeti, pigeni hesabu kabla ya kuuza mbegu. Kuna wenye mashine wanakukamulia "bure" afu wanabaki na mashudu (makapi yanayobaki baada ya kukamua), wakati mashudu ni hela, wafugaji wanayatafuta kiangazi chote. Na msisahau vitu ambavyo hamvihesabu kama biashara, mlenda mkavu uliotwangwa vizuri, ubuyu, ukwaju. Vinastahimili ukame, vimejaa, na mjini kuna watu wa kila mkoa wanavitafuta. Kifungashio safi na jina la kikundi, kwa unga wa lishe na vitu vya kufungasha pitieni SIDO (shirika la viwanda vidogo) kwanza ndio mwende TBS (shirika la viwango).

Mkopo wa halmashauri

Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimama 2023, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Mtu wa kumuona ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, mwende na katiba, cheti cha usajili, akaunti ya kikundi na andiko la biashara. Andiko liandikwe na wamama wenyewe hata kama herufi zimepinda, wewe mtoto wa mjini saidia kuchapa tu, kwa sababu wakija kuwahoji na mwenyekiti hajui kilichoandikwa mmekwama.

Msikope kwa ajili ya kulima mahindi ya mvua. Kopeni kwa kitu kinachoingiza hela hata mvua ikikata, mashine ya kupura au kukamua, kuku, kununua mtama Juni mkauze Januari. Na kwenye ratiba ya marejesho ombeni yaanze baada ya mavuno, kama wamewawekea kuanza kulipa Januari kataeni kwa adabu na mweleze kwa nini, hiyo ni miezi ambayo kijiji kizima hakina hela. Siku ya kusaini benki waende watia saini wote na vitambulisho vyao vya NIDA, maana akikosekana mmoja mtarudishwa, na nauli ya kurudi tena mjini inatoka mfukoni kwenu.